Upupu Nyuma ya Jiko

Upupu ulikuwa umetambaa juu ya ua wa nyuma ya jiko, na kesho wapishi wa harusi wangekaa palepale. Kaka zake Siwema walisema wataufyeka mchana.

"Ukifyekwa mkavu, vinyweleo vitaruka mpaka kwenye pilau," alisema Siwema. "Ung'olewe sasa, ungali na umande."

"Na nani? Wewe mwali?" Somo yake, Bi Chausiku, aliyekuwa akimfunda kwa ndoa, alicheka. "Bwana harusi aje aoe mapele?"

Siwema alijiviringisha vitambaa mikononi, akajitanda kanga hadi puani, akatoka. Fiwi, maharage ya mama yake, zilisokotana na upupu, majani yakifanana kama pacha. Alitafuta maganda yenye manyoya, akafuata kila shina mpaka mzizini, akaling'oa. Yote aliyafukia shimoni yangali mabichi.

Hina ilipokuwa tayari, Bi Chausiku aliamuru, "Lete mikono."

Siwema aliinyoosha, kichwa juu. Somo aliigeuzageuza hadi viwikoni, akitafuta kipele. Hakukiona.

"Mwanangu wewe!"

Alichovya kijiti kwenye hina, kisha akakishika juu ya viganja vile bila kuvigusa, kama mtu anayeogopa kuviharibu.