Soda ya Mgeni Rasmi

Bi Sikudhani hakuwa amekula tangu jana ili apimwe sukari, maana kidonda cha mguuni kilikataa kupona. Kipimo cha serikali kilikuwa bure, ila kilimngoja mgeni rasmi, naye alifika saa saba mchana, kitambi kikimtangulia, akahubiri afya. Kisha zikagawiwa soda.

"Kunywa, mama, tupige picha na mheshimiwa," mpambe mmoja akamwambia Bi Sikudhani.

"Nesi kasema tusitie kitu mdomoni kabla ya kupimwa."

"Utapimwa siku nyingine."

"Hiyo siku nyingine mguu huu utakuwepo?"

Mheshimiwa akacheka, na wapambe wake nao wakacheka. Foleni nzima ikanywa, kama kuku waliomwagiwa mtama. Bi Sikudhani akaimimina yake chini, karibu na viatu vya mheshimiwa, akaenda kumpa nesi kidole chake. Nesi akashika sindano, akamtazama mheshimiwa kwanza.