Duka Linalojibu Lenyewe

Tangu asubuhi, programu aliyoiweka Mouna kwenye simu ilikuwa yenyewe inawajibu wateja wa ndagala, wale dagaa wa kukausha, kwa jina na picha ya mama yake. Mouna alizunguka uani, simu mkononi, hawezi kukaa.

Ujumbe ukaingia kutoka kwa mteja wao wa zamani wa mji wa Manono: «Mama, muko salama? Huku tumefiwa. Ni mutoto wangu wa kwanza.»

Kabla Mouna hajagusa kioo, jibu lilikwenda: «Asante, mupenzi. Unataka kilo ngapi?»

Mama yake aliinua uso kutoka kwenye ndagala alizokuwa anaanika. «Nani anaandika? Anasema nini?»

Kidole cha Mouna, chenye magamba yaliyokauka, kilisimama juu ya kitufe cha kuzima.

Maneno mapya ya mteja yakatokea chini yake.

«Kilo kumi, Mama. Za matanga.»