Sauti Nje ya Dirisha

"Wewe hapa umefuata mshahara tu, mwalimu," nilimwambia Aleer asubuhi, mbele ya walimu wote. Kila siku kipindi cha pili alikuwa akiwaacha wanafunzi wake peke yao darasani.

Kengele ya kipindi cha pili ilipolia, nikawasomea wanafunzi wangu sentensi ya Kiingereza, nao wakaitikia. Sauti nzito ikaitikia pamoja nao, kutoka nje.

Nikachungulia dirishani. Aleer, aliyesomea ualimu Khartoum kwa Kiarabu kabla shule zetu hazijahamia Kiingereza, alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta, akiandika sentensi yangu kiganjani kwa herufi za Kiarabu. Wino ulikuwa umejaa mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Maalesh, ustaza," akaniomba radhi kwa Kiarabu, akitaka kuinuka. "Kesho mimi iko nafundisha hii kwa watoto yangu."

Nikarudi ubaoni. Nikaisoma sentensi tena, polepole, kwa sauti, nikiwa nimelielekea dirisha na kuwapa watoto mgongo.