Maji ya Kukanda Kifua

Mbonea alizungusha ufunguo. Gari likakohoa, likanyamaza. Kwenye kiti cha nyuma, mkewe Nakunda alikuwa akivuta pumzi kwa shida, na hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji.

"Baba Elinami, si nilikwambia uite fundi?" Nakunda alimuuliza mumewe.

"Gari hili halijashikwa na mkono wa mtu mwingine."

"Na leo limekukana."

Akafungua boneti. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota unga mweupe, mgumu kama chokaa. Ni yeye aliyevipaka grisi bila kuvisugua kwanza, akajiona amemaliza kazi. Alikwangua kwa kisu, haukutoka. Unga ule huyeyuka kwa maji ya moto, na maji ya moto yalikuwa ndani ya chupa ya chai mapajani mwa Nakunda, ya kumkanda kifua njiani.

Alirudi akasimama kwenye mlango wa nyuma, asijue aanzie wapi kumwomba. Nakunda aliitazama mikono ya mumewe, kisha akamnyooshea chupa.

"Mwaga yote," alisema. "Usibakize."

Unga ulitoa povu, ukatiririka. Mbonea akakaza nati, akaketi, akashika ufunguo. Nyuma yake hakuisikia tena ile pumzi ya shida. Hakuthubutu kugeuka. Alizungusha, na taa ndogo nyekundu, ile ya kuonyesha umeme umefika, ikawaka mbele yake.