Pindo la Sketi

Binti yangu Zaituni yuko darasa la saba, na sketi niliyomnunulia akiwa la nne bado ina pindo lile lile. Niliinunua kubwa makusudi, kama tunavyofanya sote, ili akue nayo. Basi hajakua.

Mimi na baba yake tunatoka kazini saa moja usiku. Kengele ya saa tisa ikilia, shule inawaegesha watoto wa wazazi kama sisi. Wanalazwa bwaloni kwa mistari na miili yao inasimama: hawasikii njaa, hawaogopi, hawakui, na hata wakiamka mwili hukawia kuanza tena kukua. Likizo nzima Zaituni huwa pale pale. Ningemwacha na nani?

Jana nilifika mlezi akimwamsha. Alifumbua macho akamalizia kicheko alichokianza mchana.

"Dada, huyu atafikisha lini miaka kumi na tatu?" nilimwuliza mlezi.

"Kwenye cheti au mwilini, Mama Zai?"

Nilimshika mtoto mkono tukaondoka.

Getini Mwanahawa alikuwa anamsubiri. Walizaliwa wiki moja, wakakaa dawati moja mpaka la nne, mwenzake alipohamia kwa bibi yake, ambaye hukaa naye nyumbani baada ya masomo na wakati wa likizo. Sasa Mwanahawa amenipita hata mimi urefu. Nilingoja warukiane kama zamani.

Zaituni alijificha nyuma yangu. "Shikamoo, dada," akasema.

Nilidhani anatania. Mwanahawa aliniangalia mimi kwanza, muda mrefu, kisha akaitikia taratibu:

"Marahaba, mdogo wangu."