Ufa wa Kobe

Enzi zile gereji mbovu zilipoachiwa wanyama, palikuwa na bendi ya watatu. Nyegere alicharaza gitaa kwa hasira, Kanga aliimba kwa kufoka, na Kobe alipiga ngoma juu ya gamba lake mwenyewe. Walizeeka pamoja katika vurugu ile ile, hata gamba la Kobe likapata ufa uliokoroma kila alipoligonga.

Kobe akaona haya. Akamwendea Nyuki kwa siri, akazibwa ufa kwa nta. Alasiri ile gamba likalia laini kama mvua ya mbali. Kanga akapotea njia katikati ya wimbo, na wanyama waliokuwa wakicheza wakasimama mmoja mmoja kama walioamshwa usingizini.

Nyegere akainusa nta. "Ndugu yangu," akasema polepole, "miaka yote hii sisi tunaufuata mkoromo wa huo ufa."

Kobe akajilaza juu ya bati lenye jua. Nta ikatiririka, naye akasinzia. Alipojigeuza, ufa ukakoroma, na gereji nzima ikaanza kucheza.

Ndiyo maana kobe wote wana mistari gambani, na hakuna anayetafuta wa kuiziba.