Foleni ya Mama Ndindi

Mama Ndindi alikuwa ameishika picha ya Mheshimiwa Njogu kichwa chini, na hakuna mpangaji hata mmoja aliyethubutu kumwambia.

Mpiga debe wa Mheshimiwa alikuja mbio akaigeuza, akamsihi aiangalie vizuri. Mama Ndindi akaitikia kwa heshima zote. Kabla mpiga debe hajafika alikotoka, Mheshimiwa alikuwa amerudi kusimama kwa nywele.

"Macho ya uzee hayo," watu wakanong'onezana, wakimeza kicheko.

Khalayi hakucheka. Macho ya mwenye nyumba wake aliyajua. Yalikuwa yakimwona kila mgeni anayelala kwenye ploti bila ruhusa, hata mgeni mwenyewe akiwa panya.

Ulikuwa mwaka wa themanini na nane, na chama kilikuwa kimoja, kwa hivyo hapo Mukuru kwa Reuben hakuna aliyeumwa na kichwa kwa kuchagua chama. Shida ilikuwa kuchagua mgongo. Kura za siri zilikuwa zimewekwa kando. Ukimtaka mtu, unasimama nyuma ya picha yake peupe, jua likikuwakia utosini, na jirani, mwenye nyumba na adui yako wote wanakuona.

Picha zilikuwa mbili. Moja ya Mheshimiwa Njogu, diwani, na tumbo lake. Nyingine ya Nesi Lenah, aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa ule, mara nyingine akifika na matope hadi magotini. Wekulo, mtoto wa Khalayi, alizaliwa kitovu kimemzunguka shingo, kimya kabisa. Ni Nesi aliyehangaika naye mpaka akalia. Khalayi hakuwa amesahau kilio kile, wala hakutaka kukisahau.

Lakini pia alikuwa na chumba kimoja cha mabati kwa Mama Ndindi, hatua chache kutoka kiwanda cha soksi alikofanya kibarua. Kibarua asiyewahi getini alfajiri hachukuliwi. Kupoteza chumba kulikuwa kupoteza kazi, na kupoteza kazi kulikuwa kumrudisha Wekulo Bungoma bila kumaliza shule. Na Mama Ndindi alikuwa mtu wa Njogu kabisa. Ardhi ya ploti yake haikuwa na hati, ilikuwa na neno la Njogu tu, kwa hivyo Njogu akikohoa, Mama Ndindi ndiye wa kwanza kusema pole.

Juzi alikuwa amepita mlango kwa mlango, mjukuu wake mchanga mgongoni.

"Siku hiyo mimi ndiye nitashika picha," aliwaambia wapangaji. "Nitakuwa mbele, nikiwaangalia. Kila mtu nitamwona amesimama wapi."

"Sawa, Mama Ndindi," wakajibu kwa pamoja, kama darasa la kwanza.

Selpher, jirani wa Khalayi, alikuwa ameshakata shauri. "Kura ni ya siku moja, dada. Nyumba ni ya kila siku."

Na sasa Selpher alikuwa kwenye foleni ya Njogu, akikagua viatu vyake mwenyewe. Khalayi akasimama nyuma yake. Mbele kule, Mama Ndindi alikuwa akiwapitishia macho mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwa Khalayi, akatulia hapo. Hakupepesa.

Khalayi aliogopa. Akageuza uso, na ndipo akamwona Nesi Lenah upande wa pili wa uwanja, kando ya picha yake, ameinama anamfunga mtoto wa watu kamba ya kiatu. Basi. Miguu ikatoka kabla kichwa hakijaruhusu. Akavuka uwanja peke yake, mchana kweupe, aibu na fahari zikimpanda kwa pamoja. Nyuma yake wakavuka wengine wawili watatu, kisha kundi.

Filimbi ikalia. Foleni ya Nesi ilikuwa imezunguka uwanja mzima; ya Njogu ungeifunika na turubai moja. Karani wa uchaguzi akahesabu, akapangusa jasho, akatangaza kwamba Njogu ameshinda. Watu wakaangua kicheko, wengine wakapiga mbinja.

Khalayi hakungoja. Alienda moja kwa moja kufunga virago. Sufuria ndani ya karai, karai ndani ya blanketi. Heri kuondoka mwenyewe kuliko kutupiwa vyombo nje ploti nzima ikitazama. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke.

Hodi ikapigwa kabla hajakaza fundo. Mama Ndindi akaingia, mjukuu mgongoni. Akatazama karai, akatazama blanketi.

"Mama Wekulo, unahamia wapi?"

"Si uliniona, Mama Ndindi. Nilivuka."

"Nilikuona. Nilikuwa nimekukazia macho tangu mwanzo, nikijiuliza, huyu naye atavuka saa ngapi?"

Akakaa kitandani, akalivuta lile blanketi, akaanza kulifungua fundo.

"Wewe uko na miguu ya kuvuka. Mimi niko na ploti. Lakini huyu wa mgongoni, unadhani alizalishwa na Njogu?"

Mama Ndindi akatoa karai, akalirudisha chini ya meza mahali pake.

"Na nyinyi wapangaji wangu, kusema ukweli, mko na vichwa vigumu. Asubuhi nzima nimewashikia yule mtu kichwa chini, na bado mnajipanga tu nyuma yake!"